Darasa la Ng'ambo ya Mto

Sidonie hakujiandikisha. Aliyemwandikisha ni binti yake, Apolline, ambaye Jumatatu alinyoosha mkono darasani na kusema mama yake yuko tayari kabisa kuwasindikiza wanafunzi siku ya kuchora, na tena siku hiyo hayuko zamu. Habari hiyo akaikalia siku tatu nzima. Aliitoa Alhamisi asubuhi, mezani, huku akipaka siagi mkate wake kwa utulivu wa mtu asiye na kosa.

“Mama, leo vaa viatu vya matope.”

“Kwa nini?”

“Tunakwenda kuchora ng'ambo. Wewe ni mmoja wa wazazi wawili wanaotusindikiza. Nilisahau kukuambia.”

“Ulisahau.”

“Kidogo.”

Upande wa pili wa meza mzee Fulgence Toutain aliacha kukoroga kahawa yake. Mzee huyu alikuwa baba mkwe wa Sidonie. Miaka thelathini na moja alikuwa nahodha wa kivuko cha kijiji chao, kile kinachovusha magari na watu kwenye mto Seine. Mwanawe Gildas alishika usukani baada yake. Na Gildas alipoanguka gatini asubuhi moja, moyo umemsimama akiwa na miaka thelathini na minne tu, Sidonie ndiye aliyesomea leseni akaingia kibandani mahali pa mumewe. Sasa yapata miaka minne na nusu. Waliishi watatu, mzee, mjane na mtoto, katika nyumba ileile ya paa la nyasi iliyotazama gati.

“Mwalimu ni yuleyule?” mzee aliuliza.

“Wa sanaa yuko mmoja tu, Babu,” alisema Apolline.

Mzee akaendelea kukoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Sidonie aliinuka kutafuta viatu. Alizifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena.

Aubin Quesnel, mwalimu huyo wa sanaa, alikuja kufundisha huku miaka mitatu iliyopita. Alipanga chumba ukingo wa kushoto, shule ikawa ukingo wa kulia, kwa hiyo kila siku alivuka mara mbili. Abiria wengine walikaa ndani ya magari yao wakitazama simu. Yeye alishuka, akasimama karibu na mlango wa kibanda cha usukani, akauliza maswali ya ajabu: mbona leo maji yana rangi ya chai, na mbona jana yalikuwa na rangi ya shaba? Sidonie alidhani anamtania. Kisha akaanza kuyatazama maji kabla hajaulizwa, ili awe na la kumjibu. Dakika sita kwenda, dakika sita kurudi. Mapenzi yao yalikua kwa vipande vya dakika sita, na Oktoba iliyopita yakawa makubwa kuliko kivuko. Jumapili tatu walikula pamoja katika mji ambako hakuna aliyemjua Sidonie. Au ndivyo alivyofikiri.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wote wa kijiji wakiwa makaburini na vyungu vyao vya maua, kuna aliyemnong'oneza mzee Fulgence. Mzee alisikia habari hiyo amesimama mbele ya jina la mwanawe. Hakupiga kelele. Waliporudi nyumbani alisema jambo moja tu.

“Nilidhani utamlilia zaidi ya hapo.”

Kesho yake Sidonie alimwambia Aubin yaishe. Aubin akasema, “Sawa.” Wiki iliyofuata gari lake dogo la buluu halikuonekana tena kwenye foleni. Alizungukia darajani, mwendo unaomwongezea karibu saa nzima kila siku. Na kila asubuhi, saa moja na robo, Sidonie aliyatupia macho magari yanayopanda, moja moja mpaka la mwisho, akijiambia kwamba hiyo ni kazi yake.

Sasa ilikuwa Mei.

*

Wanafunzi ishirini na watatu walikuwa wamejipanga gatini na vibao vyao vya kuchorea. Aubin alikuwa akiwahesabu. Alipofika kwa Apolline aliinua macho, akamwona aliyesimama nyuma yake, na kalamu yake ikasimama juu ya karatasi.

“Karibu, Mama Apolline,” alisema.

“Asante, Mwalimu.”

Aubin hakuwahi kumwita hivyo. Hata siku ya kwanza kabisa alimuuliza jina. Sidonie alijifanya anamfunga binti yake skafu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Siku hiyo usukani ulikuwa kwa Yvonnick, mwenzake wa zamu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Sidonie alivuka kama abiria. Hakujua mtu asiye na usukani aweke wapi mikono. Aubin alisimama upande ule mwingine wa kivuko, katikati ya watoto, na dakika sita zile zikapita bila hata neno moja.

Ng'ambo kulikuwa na uwanja wa majani unaoteremka mpaka majini, na nyuma yake miti mirefu myembamba iliyosimama mstari mmoja. Ukungu ulikuwa ukiinuka, jabali jeupe la ukingo wa pili likianza kujitokeza kipande kwa kipande.

“Sikilizeni,” alisema Aubin. “Nimeondoa rangi nyeusi kwenye makasha yote. Msijisumbue kuitafuta.”

“Vivuli tutavichoraje, Mwalimu?” aliuliza Ombeline, msichana mwenye sauti inayofika kabla yake.

“Hilo ndilo swali la leo. Tazameni kivuli cha ule mti wa kwanza, pale kwenye majani. Kina rangi gani?”

“Nyeusi.”

“Tazama tena.”

“Kijivu?”

“Hiyo unakisia. Usinipe unachokijua, nipe unachokiona.”

Watoto wakakunja nyuso.

“Zambarau,” alisema Sidonie.

Hakukusudia kusema. Vichwa ishirini na vitatu viligeuka, na cha Aubin kikawa cha mwisho. Alimtazama, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita. Sidonie alihisi joto likimpanda shingoni.

“Zambarau,” Aubin alirudia, taratibu. “Na pembeni?”

“Pembeni panaelekea buluu. Jua likipanda itaondoka.”

“Mmesikia? Mama Apolline anautazama mto huu kila siku, ndiyo maana anaona.” Akageukia watoto haraka, kama mtu anayejiondoa mahali penye ukingo. “Miaka mia moja na hamsini iliyopita wachoraji walikuja kwenye mto huuhuu. Zamani picha zilichorwa ndani ya chumba. Wao wakabeba rangi zao wakakaa kwenye majani kama nyie. Walipopeleka picha zao Paris watu walicheka, wakasema hazijamalizika. Mwandishi mmoja wa gazeti akawaita Waimpreshonisti, yaani watu wa kukupa mwonekano wa haraka tu, kisha basi. Lilikuwa tusi. Wao wakalichukua wakalifanya jina lao.”

“Mimi mti wangu unafanana na koliflawa,” alisema Ombeline. “Nami watanitukana?”

“Ukiwa na bahati. Sasa, mna dakika ishirini. Hakuna kuchora mistari kwanza, wekeni rangi kando ya rangi. Jua likisogea, picha imekwisha, chukueni karatasi nyingine. Msiukimbilie mwanga uliokwisha kwenda.”

Sidonie aliitazama migongo ya watoto iliyoinama. Neno lile la mwisho lilikuwa la watoto, alijiambia. Lakini lilimchoma pale alipokuwa amesimama.

Mzazi wa pili aliyesindikiza alikuwa Hortense, mama yake Ombeline, mwanamke mwema ambaye hakuwahi kukaa na habari tumboni mpaka ikapoa. Alimimina kahawa kutoka kwenye chupa, akampa Sidonie kikombe.

“Sikitiko kweli,” alisema.

“Sikitiko lipi?”

“Mwalimu huyu. Watoto wamempenda, na sasa anahama. Hukusikia? Perpignan. Kusini kabisa, mpakani na Hispania. Aliomba mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili, na wamempa. Septemba hatuko naye.”

Sidonie alikunywa kahawa ile yote kwa mara moja, ikamuunguza ulimi, akaona afadhali.

“Ni mbali,” alisema.

“Kilomita elfu moja. Nilimwambia, Mwalimu, huko hakuna hata mto wa maana. Akacheka tu. Lakini hakuwa anacheka, unanielewa? Wewe uliwahi kuongea naye, zamani kidogo?”

“Kwenye kivuko,” alisema Sidonie. “Habari za maji.”

Mwanafunzi wa ishirini na nne alikuwa mgonjwa nyumbani, kibao chake kikabaki hakina mwenyewe. Apolline alikileta akakiweka magotini kwa mama yake, na brashi juu yake. “Mwalimu amesema kila mtu anachora,” alidai, akaondoka kabla hajaulizwa kama mwalimu amesema kweli.

Kwa hiyo Sidonie alichora. Alikaa kwenye majani, akaweka buluu kando ya kijani, na waridi mahali ambapo ukungu ulikuwa bado umegusa maji. Mto aliujua kwa jina la kila kina na kila fungu la mchanga, lakini hakuwahi kuutazama bila kazi ya kufanya. Sasa alitazama, na kila rangi aliyoiweka ilimkumbusha swali fulani kutoka mlangoni pa kibanda. Chai. Shaba. Siku moja ya Septemba Aubin aliuliza kama maji yanaweza kuwa na rangi ya sauti ya mtu, naye alimcheka mpaka akakosea kidogo kuegesha.

Kivuli kilianguka juu ya karatasi yake. Hakuhitaji kuinua kichwa.

“Hapa umeogopa,” Aubin alisema kwa sauti ya chini, akionyesha kwa ncha ya brashi. “Umeweka rangi, kisha umeifuta.”

“Haikukaa vizuri.”

“Ilikaa vizuri. Ilionekana sana, basi.”

“Perpignan wanafundisha hivyo pia? Kusema na watu kwa mafumbo?”

Brashi yake ikashuka. “Hortense.”

“Ndiyo, Hortense. Kijiji kizima kinajua. Mimi nimeambiwa nikiwa na kikombe mkononi.”

“Ningekuambia wapi, Sidonie? Ulinikataza kivuko.”

“Sikukukataza kivuko. Nilichokukataza ni mimi.”

“Unaona kuna tofauti? Nisimame hatua mbili kutoka kwako, nikupe salamu ya abiria, kila asubuhi na kila jioni? Nilijaribu kichwani. Siku ya kwanza ningeweza. Ya pili nisingeweza.”

“Ukaona bora uende mpakani na Hispania.”

“Nikaona bora niende mahali ambapo sitasikia honi ya kivuko nikiwa darasani.” Akainama kana kwamba anasahihisha kitu. “Ukiipiga wewe ni fupi. Yvonnick anaiburuta. Nimesimamisha somo mara nyingi mno katikati ya sentensi, wanafunzi wanadhani nina ugonjwa.”

Sidonie alichovya brashi, hakuigusisha karatasi. “Mimi nilidhani umenisahau haraka. Ulisema ‘sawa’ tu.”

“Ulitaka niseme nini? Ulikuwa umevaa nguo nyeusi, umetoka kumlilia mumeo. Ningeanza kukubembeleza?”

“Hata kidogo.”

“Yaani nisikubembeleze kabisa?”

“Hapana. Ungenibembeleza, hata kidogo tu.”

“Mwalimu,” sauti ya Ombeline ilikata hewa, “mbona Mama Apolline anasaidiwa peke yake? Mimi koliflawa yangu inakauka.”

Aubin alisimama wima. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akaenda kwenye koliflawa.

*

Saa sita kivuko kiligonga gati tena, na aliyeshuka alikuwa mzee Fulgence, kofia kichwani na kifurushi mkononi. Apolline alikuwa ameacha chakula chake nyumbani. Mzee alimkabidhi mkate wake wa siagi na jibini, kisha akapita taratibu kati ya picha zilizotandazwa kwenye majani zikauke, mikono nyuma, kama mkaguzi.

“Mto hauko hivi,” alisema mbele ya mojawapo. “Maji hayana waridi.”

“Yalikuwa nayo saa nne, Babu,” Apolline alisema huku akitafuna. “Ulichelewa.”

Watoto walicheka. Mzee hakukasirika. Alitazama picha nyingine, na nyingine, mpaka akafika kwa Sidonie aliyekuwa bado amekaa na kibao chake magotini. Aubin, hatua kumi mbali, alisimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Wanaume wengine wangepeana mikono. Fulgence aligusa kofia yake, si zaidi, akajishusha kwa shida kwenye majani kando ya mkwewe.

“Anaondoka, nasikia.”

“Nani kakuambia, Baba?”

“Yvonnick. Hatukuwa tumefika hata katikati ya mto.” Aling'oa jani, akalikunja. “Nilipaswa kufurahi.”

“Hukufurahi?”

“Nilifurahi mpaka gatini. Kisha nikakuona umekaa hapa, unachora maji, kivuko kinagonga gati na hugeuki. Wewe, unayesikia injini ikikohoa ukiwa jikoni. Nikakumbuka hujacheka nyumbani tangu Novemba. Mtoto nimemsikia. Wewe, hapana.”

Sidonie aliipangusa brashi kwenye majani, upande mmoja, kisha wa pili.

“Lile neno nililokuambia siku ile,” mzee aliendelea, “halikuwa la haki. Ulimlilia Gildas. Mimi nilikusikia kupitia ukutani mwaka mzima. Niliyajua hayo, na bado nikasema.”

“Kwa nini, Baba?”

“Kwa sababu nilihesabu viti. Ukiolewa utamchukua Apolline. Mimi nitabaki na meza.” Alisema kwa ukavu, macho majini. “Aibu ilikuwa kisingizio. Nilikuwa nimeogopa, nikatumia jina la mwanangu.”

Sidonie aliweka kibao chini, akaushika mkono wa mzee, mkono mgumu uliokuwa umemfundisha kuegesha chombo kwenye upepo. “Nani alikuambia nitakuacha?”

“Hakuna.”

“Hukuuliza.”

“Sikuuliza.” Akakohoa. “Usidhani nimembariki. Simpendi sana. Mtu mzima anauliza maji yana rangi gani. Lakini sitakaa mlangoni kukuzuia. Basi, nimemaliza, nisaidie kusimama, majani haya yamelowa.”

Sidonie alimsaidia kusimama. Kisha hakukaa tena.

Aubin alikuwa ukingoni kabisa, akisuuza brashi za darasa zima kwenye ndoo. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya matope. Sidonie alichuchumaa upande wa pili wa ndoo, akachukua brashi naye akaanza kusuuza.

“Uhamisho unaweza kufutwa?” aliuliza.

Mikono ya Aubin ilisimama ndani ya maji. “Huombwa. Mara nyingi hukataliwa.”

“Unaombwaje?”

“Kuna fomu. Kuna mistari minne ya kuandika sababu. Lazima iwe sababu nzito, ya ugonjwa, ya familia, kitu kama hicho. Mwisho ni Ijumaa ijayo. Kwa nini unaniuliza, Sidonie?”

“Kwa sababu mimi siwezi kuja huko. Nina mzee. Nina mtoto anayenipangia maisha yangu bila kuniambia. Na leseni yangu ni ya mto huu, haibebeki. Kwa hiyo ni wewe.”

“Ni mimi nini?”

“Ni wewe wa kubaki. Chukua hiyo fomu ujaze.”

“Niandike nini?” Sauti yake ilikuwa imefifia mpaka karibu haisikiki. “Niambie wewe. Sitaki kukisia tena, nimekisia miezi sita.”

Sidonie alimtazama. Alikuwa na doa la rangi ya machungwa chini ya jicho, na kwenye nywele za kando mvi ambazo hazikuwepo Oktoba. Akayatazama yote kwa pupa, kama mtu aliyenyimwa.

“Andika kwamba kuna nahodha anayetaka kuolewa nawe,” alisema, “na kwamba alichelewa kusema.”

Aubin alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa rangi.

“Wakikataa?” aliuliza. “Wanaweza kukataa. Septemba nitalazimika kwenda, mwaka mzima, labda zaidi.”

“Wakikataa nitakukosa. Lakini nitakukosa mchana kweupe, watu wakiona, nikikupigia simu mezani mbele ya mkwe wangu. Nimechoka kukukosa kwa siri. Hiyo ndiyo inayoua.”

Honi ya Yvonnick ilisikika kutoka ukingo wa pili, ndefu, ya kuburuta. Wote wawili walicheka kwa pamoja, na hapo hapo kicheko kikawaishia, kwa sababu ilikuwa ni honi ya kurudi, na hakuna aliyejua barua ya kutoka ofisini itasema nini.

Wanafunzi walipanda kivuko wameshika picha zao mbichi kwa vidole viwili viwili. Hortense alihesabu watoto, akahesabu tena. Mzee Fulgence alienda kusimama mbele kabisa, mahali pa nahodha mstaafu, mgongo kwa watu wote. Sidonie alipita katikati ya magari mpaka upande ule aliosimama Aubin, akasimama kando yake, na mbele ya kila mwenye macho akatia mkono wake wenye rangi ya buluu ndani ya mkono wa Aubin wenye rangi ya machungwa. Hortense alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akakifunga bila kusema neno.

Kule nyuma Ombeline alimpiga Apolline kiwiko. “Unaona? Geuka basi uone.”

Apolline hakugeuka. Aliendelea kuipulizia picha yake ikauke.

“Acha kuwatazama,” alisema. “Watajificha tena.”